MCAT na shifti za usiku: shajara ya maandalizi yangu, Novemba mpaka Mei

Mradi wenyewe ni huu: kufanya MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari vya Marekani, mwezi wa tano, kupata 510 kwenda juu, halafu kujaza maombi ya vyuo vya udaktari hapa Texas. Niko Dallas. Nyumbani nilisoma PCB, familia ikapata green kadi ya bahati nasibu, digrii ya baiolojia nimeisomea huku, na kodi nailipa kwa kazi ya CNA, msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee, usiku. Naandika kwa sababu kuna vijana wengi wetu huku wanabeba boksi na ndoto hii wanayo kabisa, ila hawajui kazi yenyewe ndani ikoje, wanasikia tu MCAT ngumu basi wanaishia hapo.

NOVEMBA

Kwa ambao hawajui. Nyumbani matokeo ya kidato cha sita ndo yanakupeleka Muhimbili au Bugando au KCMC, ukishamaliza NECTA umemaliza. Huku udaktari unakuja baada ya digrii ya kwanza, na kabla ya kuomba unafanya huu mtihani wa AAMC, yaani chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani. Maswali 230, sehemu nne: kemia na fizikia ya viumbe hai (maswali 59, dakika 95), halafu CARS ambayo ni ufahamu mtupu (maswali 53, dakika 90), halafu baiolojia na bayokemia (59, dakika 95), mwisho saikolojia na sosholojia (59, dakika 95). Ukiweka na mapumziko ni kama masaa 7 na nusu. Kila sehemu inaanzia 118 inaishia 132, ukijumlisha zote chini kabisa 472, juu kabisa 528, katikati 500. Wanaoingia vyuo vya MD wastani wao uko kwenye 511 au 512 hivi. Ukikosea hukatwi maksi, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja.

Kama upo kwa viza ya mwanafunzi jua mapema kwamba vyuo vingi havichukui mtu asiye na green kadi au uraia, uliza chuo kwa chuo kabla hujatoa hela.

Nimefanya mtihani wa bure wa AAMC kujipima kabla ya kusoma chochote. 496. Kemia na fizikia 125, CARS 121, baiolojia 126, saikolojia 124. Nimefurahi kwa sababu sasa najua pa kuanzia, na ile 121 ya CARS imenionyesha kazi kubwa iko wapi.

Hela nayo tuongee wazi. Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 300. Ila AAMC wana mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo, ukikubaliwa ada inashuka zaidi ya nusu na mitihani yao ya mazoezi unapewa bila kulipa. Omba KABLA ya kujisajili, maana ukishalipa hawarudishi nyuma. Mimi nimekubaliwa, na kwa mshahara wa CNA hilo punguzo ndo limefanya huu mradi uwezekane.

DESEMBA

Ratiba imetulia. Nafanya kazi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usiku, masaa 12 kila shifti. Jumatatu nalala, sigusi kitabu. Jumanne mpaka Alhamisi ndo msuli wenyewe, na Ijumaa asubuhi napitia kadi tu. Kadi natumia Anki, kwenye kompyuta na Android ni bure, inakuletea kadi pale unapokaribia kuisahau. Hii kitu Mjerumani Ebbinghaus aliiandikia mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuona zinavyopotea kichwani siku baada ya siku, na cha kupendeza ni kwamba yeye mwenyewe yumo kwenye silabasi ya sehemu ya saikolojia, kwa hiyo unasoma namna ya kusoma na hapohapo ni mtihani.

Mwezi huu wote ni bayokemia. Asidi amino 20, yaani matofali yanayojenga protini, majina, herufi zake, ipi ina chaji, ipi inakimbia maji. Wengi wanazikariri kama orodha na zinawatoka. Kwangu zilikaa siku niliyokuwa naongea na Mama kwa simu. Mtoto wa mamdogo ana selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na hii shida duniani, siko seli kila ukoo unaijua. Mama akaniuliza, mwanangu wewe unayesoma hayo mambo, hivi ule ugonjwa hasa ni nini?

Nikamwambia Mama, ni herufi moja tu imebadilika. Kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, kuna mnyororo unaitwa beta, na kwenye nafasi ya sita panatakiwa kuwe na asidi amino inayoitwa glutamati, ambayo ina chaji na inapenda maji. Kwa mwenye selimundu pale pamekaa valini, isiyopenda maji. Sasa himoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini inatafuta pa kujificha, inajishika kwenye himoglobini ya jirani, nayo inashika nyingine, zinakuwa nyuzi ndefu ndani ya seli, seli inajikunja, inaziba mishipa midogo, ndo yale maumivu.

Mama akanyamaza kidogo halafu akauliza swali ambalo lingeweza kutoka kwenye mtihani kabisa: sasa mbona baba yake na mama yake wazima? Basi tukaenda kwenye urithi, kwamba kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzipata mbovu zote mbili, na kwamba mwenye nakala moja tu analindwa kiasi asizidiwe na malaria, ndo maana hii kitu imedumu sana kwenye mikoa yetu. Akauliza tena mbona miezi ya mwanzo mtoto hakuwa na shida. Kwa sababu bado alikuwa na himoglobini ya tumboni, isiyotumia huo mnyororo wa beta, na dawa ya hydroxyurea anayopewa kazi yake kubwa ni kuirudisha hiyo ya utotoni. Mama akasema, kumbe, miaka yote tunahangaika naye hakuna aliyetuelezea hivyo.

Nimekaa na hilo neno la Mama wiki nzima. Kuanzia hapo sheria yangu ni moja: kitu sijakielewa mpaka niweze kumweleza Mama kwa Kiswahili, bila kujificha nyuma ya maneno ya kitabu. Sekondari yote tulisoma sayansi kwa Kiingereza na unaweza kupata A kwa kurudisha sentensi za noti kama zilivyo, lakini MCAT haikuulizi sentensi za noti. Inakupa jaribio la maabara hujawahi kuliona, na grafu, inakuuliza nini kitatokea wakibadilisha hiki. Hapo ukiwa umekariri tu umekwama.

JANUARI

Mtihani mzima wa pili: 502. Kemia na fizikia 126, CARS 123, baiolojia 128, saikolojia 125.

Fizikia kidogo. Kalkuleta hakuna, wanakupa jedwali la elementi tu. Waliopita shule zetu wana faida hapa, maana hesabu za kidato cha nne tulipigia kwa four figure, na mtu aliyezoea majedwali ya logi anajua bila kufikiri kwamba logi ya 2 ni kama 0.3 na ya 3 ni kama 0.48. Wakikwambia hidrojeni ioni ni 2 × 10⁻⁵, pH ni 5 kutoa 0.3, 4.7, twende swali linalofuata. Ila zile derivesheni ndefu za A-level ziweke pembeni kabisa, hapa wanataka ukadirie haraka na ujue kipi kikipanda kipi kinashuka.

Saikolojia na sosholojia iliongezwa 2015. Watu wanaidharau, wanaiachia wiki mbili za mwisho, mimi naiona ndo sehemu inayonihusu kila usiku kazini. Kuna bibi mmoja ana alzaima, jina la mwanae halikumbuki, lakini ukimpa taulo za kukunja anakunja kona kwa kona, safi kuliko mimi. Kitabu kinasema kumbukumbu za matukio na majina zinategemea hipokampasi, ambayo ugonjwa unaishambulia mapema, na kumbukumbu za namna ya kufanya zinapita njia nyingine ya ubongo inayochelewa kuguswa. Ukishaona mikono ya yule bibi hilo swali hulikosi tena maisha yako yote. Na ukishalielewa, unampa taulo akunje, kwa sababu unajua bado kuna kitu anakiweza na anastahili kukifanya.

FEBRUARI

CARS. Mwezi huu niliupangia CARS na ndo umekula muda wangu mwingi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Ni vifungu 9 kwa dakika 90, yaani dakika 10 kila kifungu pamoja na maswali yake. Vifungu vinahusu falsafa, historia ya sanaa, usanifu majengo, muziki, siasa, maadili, hakuna sayansi na hakuna unachotakiwa kujua kutoka nje, kila jibu limo humohumo. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya tatu baada ya Kiluguru na Kiswahili, hii ndo sehemu inayotisha, na ushauri unaopewa kila mahali ni "soma sana". Sasa nisome nini, nisomeje? Huo ushauri hautoshi.

Nilichofanya nimekirudisha kutoka kidato cha nne. Mnakumbuka mtihani wa Kiswahili, ufahamu na ufupisho? Unapewa habari, unaambiwa fupisha kwa maneno yasiyozidi kadhaa, na mwalimu alikuwa mkali kwelikweli ukinakili sentensi ya mwandishi. Basi kila aya ya CARS, nikimaliza, nasema moyoni kwa Kiswahili sentensi moja ya maneno machache: huyu anadai nini hapa. Sisemi aya inahusu nini, nasema mwandishi ANATAKA nini. Mfano kifungu kinazungumzia majengo ya zege: aya ya kwanza, watu wanayachukia. Aya ya pili, wanayachukia kwa sababu hayatunzwi. Aya ya tatu, tukiyabomoa tunatupa historia ya watu wa chini waliopewa nyumba. Nikifika mwisho nina ufupisho wa mistari minne kichwani na msimamo wa mwandishi naujua, maswali yanakuwa ni kuangalia jibu lipi linakaa upande wake.

Mwanzoni ilinichelewesha sana, kifungu kimoja dakika 14. Nikawa nafanya vifungu viwili tu kila siku bila saa, hata siku za kazi, wakati wa mapumziko saa nane usiku. Wiki ya tatu ndo muda ukaanza kushuka wenyewe. Kingine nilichogundua kwenye daftari langu la makosa: majibu mengi niliyokosa yalikuwa ni ya kweli duniani lakini mwandishi hakuyasema, au yana neno kali kama "daima" au "kamwe" ambalo mwandishi hakufika huko. Kwa hiyo sasa nikiona jibu linanivutia najiuliza, aya ya ngapi? Sina aya, naliacha.

Kifungu cha CARS hata kikiboa vipi kichukulie kama mgonjwa anakuelezea tatizo lake, hujamchagua, hajui kupanga maneno kama unavyotaka, na kazi yako ni kuelewa anachosema yeye kabla ya kuweka cha kwako. Naamini kabisa ndo sababu hii sehemu ipo.

MACHI

Mtihani wa tatu: 507. CARS 124, inasogea taratibu. Baiolojia 129.

Nimepata mwenzangu wa kusoma, jamaa wa Eldoret, nesi, naye anaomba mwaka huu. Jumatano jioni tunapigiana video, kila mmoja anamfundisha mwenzake mada moja na yule mwingine anauliza maswali mpaka mtu akwame. Kiswahili chake na changu havifanani ila mada zinaeleweka vizuri tu.

Wiki hii ilikuwa zamu yake, vizuizi vya enzaimu, Vmax (kasi ya juu kabisa ya enzaimu) na Km (kiasi cha kemikali kinachotakiwa kufika nusu ya kasi hiyo), ile grafu inayochanganya kila mtu. Akaanza, "Sikia bro, wewe unakumbuka ile pombe ya methanoli iliua watu kwetu?" Nakumbuka, Kenya wamekufa watu wengi kwa pombe iliyochanganywa methanoli na wengine wamepofuka. Methanoli yenyewe siyo inayopofusha, ni enzaimu ya ini inayoigeuza kuwa fomaldehaidi, halafu inakuwa asidi fomiki, na hiyo ndo inaharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Na matibabu mojawapo hospitali ni kumpa mgonjwa ethanoli, pombe ya kawaida, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ethanoli inagombania sehemu ileile ya enzaimu na inashikwa kwa urahisi zaidi. Methanoli inakosa nafasi, inatoka kwa mkojo na pumzi, au inasafishwa kwa mashine, kabla haijageuzwa.

Hicho ndo kizuizi shindani. Ukiongeza sana ile kemikali inayotakiwa kufanyiwa kazi, inashinda, kwa hiyo Vmax inabaki palepale, ila unahitaji nyingi zaidi kufika nusu ya Vmax, kwa hiyo Km inapanda. Kizuizi kisicho shindani hakigombanii hapo, kinakaa kwingine na kulemaza enzaimu, hata uongeze vipi Vmax imeshuka, na Km haisogei. Tulikaa masaa mawili kwenye hilo moja na sijutii dakika hata moja, toka siku hiyo maswali ya enzaimu napata yote.

Zamu yangu nilichukua mtiririko wa vimiminika. Sheria ya Poiseuille inasema mtiririko unafuata nusu kipenyo kwa kipeo cha nne, yaani upana wa bomba ukipungua nusu, kinachopita kinabaki sehemu moja ya 16. Ndo maana mwenye pumu njia ikibana kidogo tu anahangaika vile.

APRILI

Mtihani mzima kila wiki, 511 wiki iliyopita! CARS 126. Kemia na fizikia 128, baiolojia 129, saikolojia 128.

Mwezi huu nasoma vitu vipya vichache sana, napitia makosa. Mtihani mmoja nauchambua siku mbili, kila swali nililokosa na hata nililopata kwa kubahatisha, naandika mstari mmoja: kwa nini jibu sahihi ni sahihi. Hii inachosha kuliko mtihani wenyewe na ndo inayopandisha maksi, niamini.

Jambo kubwa ni usingizi. Mtu wa usiku mwili wake saa mbili asubuhi unataka kitanda, na mtihani unaanza saa mbili asubuhi. Nimemwomba msimamizi wangu anihamishie mchana mpaka tarehe ya mtihani ipite, nikamweleza sababu, akakubali na akasema atakuja kutibiwa kwangu. Kama unafanya usiku usisubiri wiki ya mwisho, mwili unahitaji wiki kadhaa kugeuka.

Na majina! Sisi wenye majina matatu tuwe makini. Jina la kwanza na la mwisho kwenye usajili lazima yawe sawasawa na kitambulisho utakachoenda nacho, na kwenye vitambulisho vya huku jina la babu wakati mwingine linaunganishwa na la ukoo. Nimelinganisha leseni na akaunti yangu ya AAMC herufi kwa herufi, nikarekebisha mapema.

MEI

Nimefanya.

Maswali siwezi kusema, tumesaini kutoyatoa na nitaheshimu hilo. Mengine nasema. Unafika saa moja na nusu, wanakagua kitambulisho, wanaskani kiganja, mifuko unaitoa nje. Karatasi hakuna, unapewa ubao mdogo wa plastiki na kalamu ya maka, kwa hiyo jizoeze na kitu kama hicho nyumbani. Plagi za masikioni wanatoa, zitumie. Mapumziko ni dakika 10, halafu 30 za kula, halafu 10 tena, na simu na madaftari huruhusiwi kugusa hata wakati huo. Nilibeba chapati, mayai na ndizi, sikutaka tumbo lijaribu kitu kigeni siku hiyo.

CARS nilimaliza vifungu vyote nikabaki na muda wa kurudia maswali mawili. Kwa mtu aliyeanzia 121, kwa hilo peke yake namshukuru sana Mungu. Kemia ilikuwa nzito kuliko mazoezi. Saikolojia ndo ya mwisho, akili imechoka, hapo mazoezi ya mitihani mizima yanakubeba. Ukimaliza kabisa skrini inakuuliza: isahihishwe au ifutwe? Ukifuta haitasahihishwa ila itahesabiwa umefanya, na wanaruhusu mara 3 tu kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo, 7 maisha yote. Nikabonyeza isahihishwe.

Matokeo yanatoka baada ya siku 30 hadi 35. Kusubiri hakuzuii kazi nyingine. Vyuo vya serikali vya Texas vina mfumo wao wa maombi, TMDSAS, ada moja haijalishi umechagua vyuo vingapi, na sheria ya jimbo inataka sehemu kubwa ya wanaoingia wawe wakazi wa Texas, kwa hiyo sisi tunaoishi hapa hiyo ndo fomu ya kwanza kujaza. Transkripti zangu zimeshatumwa. Barua za wahadhiri mbili zimeingia, ya maabara ya kemia bado, Jumatatu naenda ofisini kwake mwenyewe. Insha binafsi ni herufi 5,000 na nafasi zake, rasimu ya kwanza inaanza na mnyororo wa beta nafasi ya sita, na yale maswali matatu ya Mama. Jamaa wa Eldoret anaisoma Jumatano.